Haradali Inayokula Sumu

Kama kuna mboga iliyowahi kuota kwa maringo, ni haradali ya uani kwa fundi gereji. Majani mapana, yamenawiri, yanang'aa utadhani yamepakwa mafuta ya nywele. Na chini yake ni udongo mweusi ambao hata magugu yalishaususia. Miaka nenda rudi fundi alikuwa akipasua betri chakavu hapo hapo uani na kumwaga maji yake popote mkono ulipochoka, mpaka siku bwana afya alipokuja na kifaa chake cha kupimia sumu, akakichomeka ardhini, akanuna. Udongo ulijaa madini ya risasi. Ama usafishwe, ama gereji ihame.

Ihame iende wapi? Fundi hakuwa na pengine. Akamkimbilia mtoto wa kaka yake, binti aliyefanya kazi kwenye maabara ya mimea, ambaye yeye humwita Profesa ingawa binti mwenyewe hajawahi kuwa profesa wa chochote.

"Baba Mdogo, ipo haradali," Profesa akamwambia. "Tumeikuza kwenye chupa, tumeiboresha. Mizizi yake inanyonya madini ya risasi ardhini na kuyapandisha kwenye majani. Ikikomaa tunaing'oa yote, tunaipeleka kwenye tanuri maalumu."

"Yaani inakula sumu?"

"Inakula sumu."

"Kama mimi na chai ya mama yako mdogo. Usimwambie."

Wakapanda. Profesa akasimamisha na kibao: HARADALI HII INAKULA SUMU. Akakitazama, akaridhika, akaona ameeleza kila kitu. Mama Mdogo hakuwepo; alikuwa kwa binti yake aliyejifungua, na alirudi nyumbani siku moja tu kabla ya bwana afya kuja kukagua tena, amechoka, hakuna aliyemkalisha chini kumweleza lolote. Kusoma lakini anajua.

Siku ya ukaguzi bwana afya aliingia, tumbo likitangulia, macho mekundu kama amelala ndani ya moshi. Akakichomeka kifaa huku, akakichomeka kule.

"Imeshuka," akasema, kwa sauti ya mtu asiyependa kubeba habari njema. "Lakini bado. Na nikisikia tu sumu hii imetoka nje ya ua huu, nafunga leo leo."

Kabla fundi hajajibu, Mama Mdogo akatokeza mlangoni: chakula tayari, na mgeni haondoki kwake na njaa.

Sebuleni meza ilikuwa imetandikwa kitambaa kizuri, kile cha wageni. Wali ulikuwepo. Na pembeni ya wali, bakuli la mboga za majani, limefurika. Profesa akalitazama mara moja, moyo ukamshuka hadi kwenye viatu. Majani yale angeyatambua hata kama yangechemshwa wiki nzima. Akatoka mbio kwenda jikoni.

"Mama Mdogo, mboga umenunua wapi?"

"Ninunue nini, na zimejaa uani? Tena za dawa. Si mmeandika wenyewe zinakula sumu? Nikasema huyu mgeni, na tumbo lile, na macho yale, sumu haikosi. Ziingie zikamlie."

"Wewe umeonja?"

"Nionje mimi kwanza, mgeni nimpe masazo? Sikulelewa hivyo, mwanangu."

Profesa akarudi sebuleni amekata pumzi. Bwana afya, fundi akiwa kando yake, alikuwa ameshajipakulia kilima cha mboga.

"Shikamoo tena," Profesa akasema, akili imemruka. "Naomba bakuli, mboga zina mchanga."

"Mchanga si kitu. Mimi mtoto wa shamba."

"Zimepoa pia."

"Ndivyo ninavyozipenda." Akainua kijiko.

Hapo Profesa akawa njia panda. Akisema, gereji inafungwa. Asiposema, mtu anakula betri. Mdomo ukafunguka wenyewe, na kwa haraka ile ukasahau neno moja, lile la madini.

"Usile, kuna risasi."

Kijiko kikaruka. Bwana afya akazama chini ya meza na kitambaa cha wageni kikamfuata, wali na sahani vikashuka juu yake kama mvua. Fundi naye, ambaye msimu mzima alikuwa akihutubia wateja kuhusu madini hayo, akajikuta amelala kifudifudi kando ya mgeni. Bakuli la mboga peke yake lilibaki mezani, limetulia.

Mama Mdogo akaingia na jagi la maji, akawatazama wale wanaume wawili sakafuni.

"Zimeanza kufanya kazi?"

"Nani kapiga?" sauti ikauliza chini ya kitambaa.

"Hakuna aliyepiga," Profesa akasema. "Madini, mzee. Madini ya risasi. Yako kwenye hayo majani."

"Majani ya wapi?"

Fundi, shavu likiwa bado sakafuni, akamkonyeza: sema sokoni. Profesa akamwona. Akavuta pumzi.

"Ya uani."

Bwana afya akajitokeza, punje za wali zimemjaa kwenye nyusi. "Nilisema nini mimi?"

"Ulisema ikitoka nje ya ua," Mama Mdogo akamjibu, akimmiminia maji. "Haijatoka. Nyumba hii iko ndani ya ua. Nimeichuma humo, nimeipika humo, ilikuwa iishie humo."

"Ilikuwa iishie tumboni mwangu."

"Na wewe uko humo."

Bwana afya akatoa kifaa chake, akakizamisha bakulini. Kikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Akakitazama, akamtazama Profesa, akakitazama tena.

"Kumbe kweli inakula."

"Inakula, ila haimalizi," Profesa akasema. "Inaitunza."

"Basi nawaongezea msimu mmoja, mpande nyingine. Lakini hii iliyopo inang'olewa leo, mimi nikiona. Na bakuli hili liende nayo. Na ua uwekewe mlango wenye kufuli."

Wakang'oa mpaka jasho likawatoka, fundi akiushika mdomo wa gunia kwa mikono iliyonyooka, uso ameugeuzia pembeni, huku Profesa akimwambia, kwa mara ya ngapi sijui, kwamba hailipuki. Walipomaliza, Mama Mdogo akaleta mayai ya kukaanga. Bwana afya akaisogeza sahani karibu, akanusa.

"Kuku wa haya mayai anashinda wapi?"

"Dukani," wakajibu wote kwa pamoja.

Akazungusha kifaa juu ya sahani taratibu. Kikanyamaza. Ndipo akala.