Jenereta Iliyokwenda Kambini

...kambini, Rawan! Jenereta ya kituo cha gesi iko kambini, kwenye mchanga, inawashia watu taa za mahema! Ngoja, shoga yangu, nianze vizuri, maana wewe uko Salalah na hujui kitu.

Kazi yangu unaijua. Kituo chetu, huku Ghala, kinapunguza nguvu ya gesi kabla haijaingia kwenye mtambo wa umeme. Vali zetu nazo zinataka umeme. Laini ikikatika, jenereta inashika. Isiposhika, vali zinajifunga, mtambo unazima, na Khuwair ya Kusini giza. Gesi inangoja umeme, umeme unangoja gesi, na mimi katikati nimeshika kichwa. Na huko Khuwair ya Kusini ndiko aliko bibi yangu Shaikha na mashine yake ya pumzi.

Bosi wetu, Muhandis Humaid, wakati wa joto anakagua kila msumari. Baridi ikiingia anasema mashine nazo zipumzike. Wiki nzima namwandikia kwamba munkhafadh unakuja, mvua na upepo mkali, tujaribu jenereta. Kanijibu eti nani anahitaji umeme wakati AC zote zimezimwa. Nikauliza jenereta iko wapi. Kasema kwa Thabit fundi, inafanyiwa sivisi.

Basi jana mchana radi, mvua ya mawe, saa nane na nusu laini ikakatika. Marhoon, mlinzi wetu, ndiye aliyenitobolea siri huku akiangalia viatu vyake: shemeji yake bosi, Ghaith, alikuja na pikapu akaichukua kwenda nayo kambini kwao jangwani, kustarehe. Watu wetu unawajua, wakinusa baridi tu, hema limo garini.

Nikampigia Ghaith. Kasema wadi imeshuka, bonde lote maji, barabara haipitiki, hawezi kutoka mpaka maji yapungue. Halafu akaniambia mishkaki ipo, laiti ningekuwa karibu. Wallahi, mishkaki.

Mama naye akapiga. Mashine ya Bibi imezima, wamemvalisha mtungi wa akiba, na sindano ya kipimo chake inaonyesha umebaki kwa saa mbili tu. Kumtoa hawawezi, mtaa umejaa maji.

Nikakimbilia gereji ya Thabit, mitaa miwili tu. Jenereta ya kukodisha anayo, lakini hatoi bila neno la Humaid. Nikampigia bosi, nikaifungua sauti Thabit asikie. Nikamwambia vali zimefunga, naomba jenereta.

"Atheer, si nimekwambia iko kwa Thabit, inatengenezwa?"

Thabit akainamia simu taratibu. "Kwangu, Muhandis? Kwangu hujaleta hata boliti."

Nikaivuta simu kwangu.

"Muhandis," nikasema, "bibi yangu hana hata saa mbili za pumzi."

"Thabit, mpe," akasema, akakata.

Thabit mwenyewe akaivuta kwa gari lake, maji mpaka magotini. Vali zikafunguka, mtambo ukaanza kunguruma, na saa kumi na robo Mama akaniambia mashine imewaka. Sindano ilikuwa imeshaingia kwenye nyekundu. Bibi alipovuliwa ule mpira wa mtungi, kitu cha kwanza alichosema, "Nna baridi, na nyinyi mmekaa tu kuniangalia. Chai iko wapi?" Nilicheka mpaka nikalia.

Unadhani yameisha? Leo bosi kaniletea karatasi niisaini, kwa kuwa zamu ilikuwa yangu: eti jenereta siku hiyo ilikuwa matengenezoni. Kanisemesha kwa upole, kaniita binti yangu. Na munkhafadh mwingine umetangazwa Alhamisi, na jenereta yetu bado iko mchangani! Nikisaini, hakuna atakayeulizwa, na mwakani baridi ikirudi jenereta itakwenda tena kuwasha mahema.

Nimempelekea mkurugenzi picha ya uwanja wa jenereta ukiwa mtupu, na chini nimeandika yote, mpaka mishkaki. Katuita sote watatu kesho saa mbili asubuhi, mimi, Humaid na Thabit. Karatasi ninayo mkobani, haina saini yangu wala haitakuwa nayo. Weka simu karibu, nikitoka tu mlangoni kesho ntakwambia nani kasema nini.