Tairi za Kumshusha Mama

Mume wangu Kathembo akienda kununua nyanya, hurudi kabla chai haijapoa. Akienda kununua tairi, heri ubebe mkeka. Tulifika Bwera asubuhi, kwa Benoît, Mkongomani wa Butembo anayeuza tairi karibu na soko. Hadi adhuhuri Baba Bright, ndivyo ninavyomwita Kathembo, alikuwa bado anazizunguka kama mtu anayechagua fahali.

Mimi nilikuwa na haraka. Kule juu Bwesumbu mtoto wa jicho alikuwa amemziba mama yangu macho yote mawili, na kesho yake alitakiwa kupasuliwa mjini Kasese. Tabu ni kwamba mama aliapa hapandi tena Pajero letu. Msimu wa mvua uliopita liliteleza naye kwenye tope hadi ukingoni mwa korongo, maana tairi zilikuwa zimelika zikabaki laini kama sahani. Alishuka akarudi kwake kwa miguu, akipapasa njia kwa fimbo.

"Chukua hizi," nilimwambia Kathembo, nikimwonyesha tairi za kawaida.

Yeye alikuwa amechuchumaa mbele ya tairi zenye meno makubwa, zile za vijana wa mashindano ya magari.

"Papa, hii iko ya matope," Benoît alisema. "Mais ku lami itapiga makelele mingi. Batu ba Kasese batakusikia mbele ufike."

"Ndicho anachotaka," nilisema. "Mzee mzima, anataka wasichana wa Muhokya wageuke."

Kathembo akafumba macho, akatumbukiza kidole katikati ya meno ya tairi, akakaa hivyo. Nikamuuliza Benoît kama siku hizi tairi huchaguliwa kwa maombi. Tukaondoka nazo. Pale Muhokya, njiani, zilivuma kweli, na hakuna aliyegeuka ila ng'ombe mmoja. Nilimpongeza.

Kwetu mwanamume hasemi na mama mkwe wake, wala hamkaribii. Tulipofika Bwesumbu, Kathembo aliegesha gari akaenda kusimama kwenye migomba. Mama alikuwa amekaa mlangoni.

"Gari ni lile lile?"

"Ni lile lile, mama, ila tairi ni mpya."

"Hata zile mlisema ni nzuri."

Nilibembeleza mpaka nikaishiwa maneno, mimi nisiyeishiwa. Hofu ikanishika kwamba mama atabaki gizani kwa ajili ya ukaidi wake na wa gari letu. Kule kwenye migomba Kathembo akakohoa. Nilipomtazama, akainua mikono, akaingiza kidole cha mkono mmoja katikati ya vidole vya mwingine.

Mjinga mimi. Nilimshika mama mkono, nikauweka juu ya tairi. Alipapasa polepole. Kidole chake kikazama kati ya meno mawili, akakiacha humo kidogo. Kisha akazizunguka zote nne.

"Mwambie aliyenunua aje awashe," alisema, na aliyenunua alikuwa anasikia kila kitu.

Kathembo alikuja uso ameugeuzia mlimani. Mama akakaa nyuma, ameshika kiti kwa mikono miwili. Tuliteremka kwenye tope lile lile, gari halikuteleza. Tulipoingia lami, tairi zikaanza kuvuma.

"Ni nini hicho?" mama akauliza.

"Ni tairi, mama. Zina kelele. Nilimwonya."

"Mwambie asizibadilishe. Nikizisikia, najua zipo."

Nikamtazama Baba Bright. Nilikuwa nimemwekea mzaha mwingine wa Muhokya, nikaumeza.