Sehemu ya Tatu ya Diski

Mzee alikuwa mwashi, na mwashi hagawiwi vyumba na mtu. Bintiye, ambaye harusi yake ilikuwa imekaribia, alikuwa akimwekea mfumo mpya wa Linux kwenye kompyuta kuukuu ya sebuleni, wakafika mahali pa kuigawa diski.

"Huo mfumo upe kijisehemu tu," mzee akaamuru. "Mpangaji hapewi ukumbi."

"Baba, ukiubana utagoma kuwaka. Tuupe robo. Inayobaki ni yako: picha, nyimbo, ramani zako za nyumba. Siku mfumo ukiharibika, tunafuta sehemu yake tu na kuuweka upya. Vitu vyako haviguswi."

Mzee akasonya, lakini akakubali. Ukuta wenye sababu hakuwahi kuubishia.

"Sasa nikatie sehemu ya tatu. Usiweke kitu."

"Ya nini? Kesho utanililia kwamba nafasi imekwisha!"

"Diski ni ya nani?"

Binti akaikata, huku akinung'unika kwamba kwa ukaidi huu mtu angejenga ghorofa bila saruji. Kompyuta ikauliza sehemu hiyo iitweje. Mzee akamsogeza kwa kiwiko, akaandika herufi mojamoja kwa kidole chake kigumu: Chiriku. Ndilo jina alilombandika binti huyo alipoanza kusema na kukataa kunyamaza.

"Lakini baba, mimi naolewa. Naondoka."

"Nani kakuzuia? Wewe nenda. Ila katika nyumba niliyoigawa mimi, chumba chako hakipangishwi."