Kompyuta Mbili za Kilomita ya Nne

Ile Alhamisi mtandao wetu ulianguka mara kumi na saba kabla ya adhuhuri, na kila ulipoanguka nilikuwa na sababu mpya ya kueleza kwa nini. Sikurudia hata moja. Mtu akitaka kujua ujuzi wangu, na apime hapo.

Saa tisa kamili alasiri binti yangu Ibtihel alikuwa atetee tasnifu yake ya uzamivu mbele ya jopo la maprofesa watano. Wawili walikuwa ng'ambo ya bahari, kwa hiyo walikubaliana kila mmoja abaki kwake, waonane kwa video. Mwenyekiti alitoa sharti: mtandao wa mtahiniwa ukikatika mara mbili, kikao kinaahirishwa hadi Februari. Na kituo cha utafiti wa mizeituni kilichokuwa tayari kumwajiri kilitaka shahada mezani Jumatatu. Miaka sita ya kuhesabu wadudu kwa hadubini ilikuwa inaning'inia kwenye waya mmoja, na fundi wa waya huo nilikuwa mimi.

Kazi niliyostaafu nayo ni kuchonga meno bandia. Nusu ya mji wetu wa Sfax inatafuna kwa mikono yangu, na wapo waliozikwa wakitabasamu tabasamu langu. Nilipochoka na vinywa nikaanza kufungua kompyuta. Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, nilijifunza peke yangu, kwa kuharibu na kutengeneza, nikaiingiza nyumba nzima. Jokofu lingekuwa na kibodi, nalo lingesilimu.

Jumapili iliyotangulia nilimwongoa jirani yetu, Si Lamjed, yaani Bwana Lamjed kwa msemo wetu, mstaafu wa reli aliyekuwa akiongoza treni kwa ishara. Mtandao wake anaupata kwenye ruta yetu, kwa waya unaovuka paa. Nilimwahidi kumsakinishia mfumo mpya kwa mkono, mstari kwa mstari. Lakini mpira ulikuwa unaanza. Nikachukua kompyuta ya Ibtihel, ambaye alikuwa amelala usingizi wa mchana, nikanakili diski yake nzima na kuimwaga kwenye mashine ya Lamjed, kisha nikabandika jina la Lamjed kwenye skrini ya kuingilia. Mapumziko yalipofika nilikuwa nimemaliza. Lamjed nilimwambia nimekesha. Ibtihel sikumwambia kitu.

Sasa ilikuwa Alhamisi, na ruta ilikuwa inanicheka kwa taa zake.

"Baba, imekatika tena."

Nilizima, nikawasha. Ikarudi dakika nne, ikaanguka. Nikabadili waya. Nikabadili tundu la waya. Nikaitoa ruta kabatini nikaiweka juu ya kabati, nikaitoa juu ya kabati nikaiweka dirishani, ipate hewa.

"Umebakiza kuifukizia ubani," alisema mke wangu Mabrouka.

"Usinivuruge, mama. Nafikiri."

"Fikiri ukiwa umekaa. Unanichosha macho."

Niliuliza kwenye kundi letu la watu wa Linux. Wa kwanza akajibu: "Tuma kumbukumbu za mfumo." Wa pili: "Umesoma mwongozo, mzee?" Wa tatu: "Unatumia toleo gani? Ahaa, hilo! Futa, weka langu." Wa nne akamrukia wa tatu kwa kulidharau toleo lake, na hapo mimi na binti yangu tukasahaulika. Nasikia hao wawili mpaka leo hawakai safu moja msikitini.

Tukajaribu simu. Kuta za nyumba hii alizijenga babu yangu kana kwamba mizinga iko njiani. Sura ya Ibtihel ikaganda kwenye kioo cha simu, mdomo wazi, kama mteja anayesubiri vipimo.

Kisha sauti ikatoka paani.

"Si Naceur! Umenikata tena! Mara ya tisa hii!"

Nilipanda ngazi mbili mbili. Lamjed alikuwa upande wake wa ukuta, miwani juu ya paji la uso.

"Nikukate mimi?" nikamwambia. "Wewe ndiye unayenyonya! Unatazama nini huko, mechi zote za dunia kwa mpigo?"

"Nasoma!"

"Mtu wa reli anasoma nini zaidi ya saa ya ukutani?"

"Na mng'oa meno anajua nini?"

"Sijang'oa hata moja! Nilichonga! Wewe ni mwizi wa mtandao, Lamjed, mwizi, na leo unamwibia binti yangu!"

Madirisha yakafunguka mtaa wetu mzima, kilomita ya nne ya barabara ya Gremda. Lamjed alinitazama, akashusha miwani, akaingia kwake. Ningependa kusema niliona aibu. Sikuwa na nafasi. Chini walikuwa wananiita.

Saa nane ilipita. Ibtihel alikuwa amevaa koti zuri juu na ndala chini, anazunguka meza akisoma kurasa zake kwa midomo. Alisimama.

"Baba, niambie kweli. Unaweza, au huwezi?"

"Naweza."

"Kimeharibika nini?"

"Hicho ndicho bado."

Hakunifokea. Laiti angenifokea. Alikaa tu, akaweka viganja juu ya meza kama mtu anayezuia meza isiondoke. Nikachukua koleo, nikapanda tena paani kuukata waya wa Lamjed. Ibtihel akanifuata mbio akinikataza, ndala zikipiga ngazi.

Lamjed alikuwa amesimama juu ya waya wake, miguu miwili, na daftari mkononi.

"Kata," alisema. "Ila sikiliza kwanza, nami nina ushahidi. Saa nne na dakika sita: nimekatwa. Saa nne na kumi: nimerudi. Saa nne na kumi na tano: nimekatwa."

"Mtu mzima unaandika upuuzi kama huo?"

"Miaka arobaini niliandika kila treni. Mkono hauachi."

"Subiri, ami," alisema Ibtihel. "Saa nne na kumi ndipo mimi nilipokatika. Rudia."

Alirudia. Kila mstari wa daftari lile Ibtihel aliujibu. Alipoanguka Lamjed, yeye alisimama. Lamjed aliposimama, yeye alianguka. Wiki nzima Ibtihel alikuwa akishinda chuoni, na akirudi jioni Lamjed ameshalala na kuku wake. Leo ndiyo siku ya kwanza kompyuta zile mbili kuwaka pamoja, na hata dakika moja hazikuwa zimeishi kwa amani.

Lamjed alikuna kidevu. "Hizi ni treni mbili zenye namba moja," alisema. "Anayeongoza haoni mbili, anaona moja. Akiiruhusu hii, anaifuta ile. Lakini zipate wapi namba moja? Yangu baba yako kaisuka kwa mkono, mstari kwa mstari. Na kazi safi, lazima niseme, pamoja na ugomvi wake. Hata kile kitabu alichoniwekea ndani ni kizuri. Niko sura ya nne."

"Kitabu gani, ami?"

"Cha wadudu wa mizeituni. Si huja na kila Linux?"

Nilitazama upande wa bandari. Hapakuwa na cha maana huko.

"Baba."

"Mwanangu."

"Ulinakili diski yangu."

"Mpira ulikuwa unaanza," nikasema.

Alifumba macho, na nikaona kichwa chake kinakimbia kuliko hasira yake. Kila mfumo ukisakinishwa, alisema, siku ya kwanza hujiandikia namba yake ya kuzaliwa. Ukiunakili mzima, nakala inazaliwa na namba ya mwenzake. Ruta ikiuliza wewe nani, mashine zote mbili zinajibu kitu kimoja, nayo inazipa anwani moja. Miaka thelathini na mitano sikuwahi kumtia mtu meno yaliyopimwa kinywa cha mwingine. Nilimfanyia hivyo binti yangu, kwa ajili ya mpira ulioisha sare.

"Yangu siizimi sasa hivi, slaidi ziko wazi," alisema Ibtihel. "Ami Lamjed, nakuomba. Chomoa waya wako mpaka nimalize. Kesho nitakupa namba yako mwenyewe kwa mkono wangu."

"Kwako, binti, nachomoa hata jino," alisema Lamjed. "Lakini neno 'mwizi' lilisemwa juu ya paa hili. Na baba yako alirudishe papa hapa, kwa sauti ile ile."

"Lamjed, ni saa nane na dakika arobaini na tatu!"

"Basi usipoteze muda."

Ibtihel alinitazama, amesimama na ndala zake zile. Nikaugeukia mtaa.

"Enyi watu!" nikaita. "Si Lamjed si mwizi. Aliyeharibu ni mimi. Nilimnakilia mashine ya binti yangu nikamdanganya kuwa nimekesha!"

"Hatusikii!" mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka ghorofa ya jirani.

Nikasema tena, kwa sauti zaidi. Ukitaka kujua urefu wa sentensi tatu, zisome paani mchana, majirani wakiwa wameegemea madirisha. Lamjed aliinama, akauchomoa waya, akauzungushia mkononi.

"Haya. Njia ni nyeupe."

Ruta iliwashwa mara ya mwisho saa nane na hamsini na moja. Saa tisa kamili mlango wa chumba ulifungwa, na mimi, Mabrouka na Lamjed tukabaki koridoni, mbele ya taa nne za kijani. Tulisikia sauti yake, kisha sauti za maprofesa, kisha yake tena, imetulia, inawatembeza ndani ya mizeituni yake. Sikukaa. Kila taa ilipopepesa nilipepesa nayo. Baada ya saa nzima na robo, sauti zote zikakoma kwa mpigo.

"Imekatika," nikanong'ona.

"Taa zinawaka," alisema Lamjed.

"Zinawaka za uongo!" Nilikuwa tayari nimeishika plagi ya ruta. Mabrouka akanidaka kifundo cha mkono, na sikujua kama bado ana nguvu zile.

"Binti hajaita."

"Hajaita kwa sababu ameganda! Niachie, niizime na kuiwasha, sekunde kumi tu—"

Mlango ukafunguka kidogo. Ibtihel alichungulia, uso mweupe.

"Wametoka kujadiliana. Baba, mkono wako uko wapi?"

"Mfukoni," nikasema.

Akafunga. Dakika kumi na moja tulisimama hivyo, mimi nimeshika plagi, Mabrouka amenishika mimi, Lamjed anaandika saa kwenye daftari. Halafu ndani sauti ya mwenyekiti ikakohoa, safi, bila mkwaruzo hata mmoja, ikatamka jina la binti yangu na mbele yake neno "Daktari".

Mabrouka alipiga kigelegele kilichonitoboa sikio. Mkono wangu hakuuachia.