Kiapo cha Riba

"Kwa amri ya Baraza Kuu la Fedha, na kwa heshima ya elimu ya juu, kila mwanafunzi wa shahada ya fedha atasimama Ijumaa mbele ya wenzake, aweke mkono juu ya kitabu cha hesabu, na kuapa kuipenda riba, kuilea na kuila maisha yake yote. Asiyeapa hatafanya mtihani."

Tangazo hilo tukufu lilionekana ukutani mwa chuo kimoja cha Ukunda, mwaka 1998, na kabla ya saa nne sisimizi walikuwa wamekwisha kulila neno "Kuu". Lilikuwa limebandikwa kwa uji.

Mwandishi wake, Kisilu, kijana wa miaka kumi na tisa kutoka Mackinnon Road, alisimama nyuma ya umati akitikisa kichwa kama mfiwa. Gundi ya uji alijifunza shule ya bweni, pamoja na mengine yasiyokuwamo kwenye silabasi. Wanafunzi walicheka. Mmoja wao, Jared, aliapa papo hapo, mkono juu ya chapati.

Esha hakucheka. Alikuwa binti wa maalimu wa madrasa huko Msambweni, na ndiye aliyemfafanulia Kisilu masomo magumu kila jioni, bila kuchoka na bila kumwita mjinga. Alilisoma tangazo mara mbili, kisha akaenda dukani kumpigia baba yake simu.

Baada ya alasiri, Kisilu alimkuta langoni amekalia sanduku lake la bati.

"Esha, waenda wapi?"

"Nyumbani. Baba alinikubalia kusoma fedha kwa sharti moja: riba niijue, nisiile. Sasa wao wataka niiapie! Mtihani wao na wabaki nao."

"Labda ni mzaha tu."

"Mzaha wa nani? Pale pana muhuri."

Muhuri huo ulichongwa kwa muhogo kutoka kijiji cha Mkongani, lakini Kisilu aliona wakati wa maelezo hayo haujafika. Mara pikapu ikasimama, akashuka maalimu mwenyewe, kanzu imejaa vumbi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana."

"Mzee, nina habari njema. Baraza Kuu la Fedha limekutana, limekifuta kile kiapo. Esha abaki."

"Alhamdulillahi. Limekutana lini?"

"Sasa hivi, mzee."

"Wapi?"

"Hapa... hapa langoni."

Maalimu alitazama kulia, akatazama kushoto. Palikuwa na mbuzi mmoja, amefungwa.

"Na wajumbe wake ni wangapi?"

Esha alikuwa amekwisha simama. Macho yake yalitua usoni mwa Kisilu, na Kisilu akaona afadhali angemtukana.

"Mmoja, mzee," alisema. "Ndiye mimi. Hakuna baraza, hakuna kiapo. Nilidhani kila mtu angecheka."

"Mama yake analia tangu adhuhuri," maalimu alisema polepole.

Kisilu aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Esha. Nisameheni nyote."

Esha alilisukuma sanduku kwa mguu.

"Baba, nitabaki. Mpigie mama simu. Na sanduku hili, baraza zima litalirudisha bwenini."

Baraza zima likajitwika sanduku kichwani. Lilikuwa limejaa vitabu. Baada ya hatua chache likasimama, shingo ikitetemeka.

"Esha."

"Nini tena?"

"Na ule uji. Niliuiba jikoni."