Vipande vya Fundi

Katika mtaa wa Kaloleni, miaka ile ya sabini, watu waliishi kwa vipande. Sabuni ilinunuliwa kipande, nyama kipande, na ungemsikia mtu akisifia kipande cha shamba alichoacha kwao Machakos kana kwamba ni nchi nzima. Kwa Syombua, fundi wa cherehani, vipande vilikuwa na sheria yao: kitambaa ni cha mwenye nguo, lakini kinachobaki mkasi ukishapita ni cha fundi. Hakuna aliyeuliza. Mafundi wote wa mitaa ile waliishi hivyo.

Basi akina mama wa kanisa walipochanga wakanunua jora la zambarau kwa ajili ya Jumapili ya Akina Mama, walimletea yeye. Walinunua moja kubwa la kuwatosha wote, maana ukirudi dukani kutafuta la pili, rangi inakuwa ndugu tu, si pacha. Syombua alilitandaza mezani, akalipapasa, na moyo ukamwenda kwa Ndindi, mjukuu aliyekuwa akimlea, ambaye kila sikukuu alivaa magauni yaliyowabana watoto wa wengine. Mkasi ukaanza kubania. Hapa akapunguza upana wa mshono, pale akaiba pindo. Kilichobaki akakiita vipande, akashona kigauni cha marinda, akamjaribishia Ndindi, kisha akakifungia sandukuni.

Siku ya kujaribu nguo, baraza yake ilijaa wanawake. Wembamba hawakuona kitu. Kisha ikafika zamu ya Waruguru, mjane muuza mboga za sukuma. Zipu ilipanda hadi kiunoni, ikagoma.

"Waruguru!" Nduta, mmoja wa wanawake wale, akapaza sauti. "Hizo sukuma unauza ama unazimaliza mwenyewe?"

"Vuta pumzi, mama!"

"Asivute! Akiiachilia, zipu itatutoa macho!"

Baraza ikaangua kicheko. Waruguru naye alicheka, lakini shingo ilikuwa imemlowa jasho. "Nisamehe, Mama Mulwa," alimwambia Syombua. "Nimekuharibia kazi. Kumbe nimenenepa tangu uliponipima."

Syombua alikuwa na pini mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kuzungumza, kila mtu anajua hilo. Akatikisa kichwa tu, akaishusha ile zipu polepole.

Tangu hapo ilikuwa kama pini zile hazijamtoka. Chai ilimkwama, hata kusali kulimkwama. Alipokwenda kununua mboga, alimkuta Waruguru akimpa jirani yake bakuli lake la githeri, mahindi na maharagwe ya mchana.

"Mchana sili siku hizi," Waruguru akamwambia, akitabasamu kwa midomo mikavu. "Nataka niingie kwenye ile nguo. Nisipoingia, Jumapili nitabaki nyumbani. Sitaki kuwaharibia mstari."

Syombua alirudi nyumbani bila mboga. Alifungua sanduku, akaweka kigauni mapajani, akaanza kukifumua mshono baada ya mshono.

"Susu, mbona unaharibu gauni langu?" Ndindi alimuuliza bibi yake, machozi yakimlenga.

"Halikuwa lako, mama. Wala halikuwa langu."

Vile vipande aliviunga ubavuni mwa nguo ya Waruguru, kushoto na kulia, akaupeleka mshono kwapani mahali ambapo mkono unauficha. Kisha akamwita.

Zipu ilipanda yenyewe. Waruguru akapiga makofi. "Umeona? Njaa imenisaidia! Bwana asifiwe!"

Hapo Syombua angeweza kunyamaza. Nguo imeingia, mwenye nguo amefurahi, nani angeuliza?

"Si njaa," alisema. "Inua mkono, ushike hapo ubavuni. Kitambaa chako nilikipunja. Chako na cha wengine wote. Nilimshonea Ndindi."

Waruguru aliupapasa ule mshono. "Na Nduta aliposema yale maneno, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Waruguru aliivua nguo, akavaa yake ya sokoni, akaikunja ile mpya, akaibana kwapani. "Kitambaa umenirudishia," alisema akiwa mlangoni. "Kile kicheko bado unacho."

Jumapili wanawake walijipanga nje ya ukumbi wa mtaa tayari kuelekea kanisani, zambarau tupu. Ndindi alisimama kando na gauni lake la zamani, mikono ya gauni ikiwa mifupi. Waruguru alikuja wa mwisho.

"Haiya! Ameingia!" Nduta akapiga kelele. "Ulilala njaa ama ulipakwa mafuta?"

Kicheko kikaanza upya. Mara hii Waruguru hakucheka. Alimtazama Syombua tu.

Syombua alitoka kwenye mstari.

"Nduta, mnamcheka mtu asiye na kosa," alisema. "Geuza pindo lako utazame nilivyokupunja kitambaa. Nyote, tazameni."

Kicheko kikakatika. Mmoja mmoja wakainama, wakageuza mapindo yao, na Syombua akasimama mbele yao, hana pini mdomoni, akingoja watakaloliona.