Kifusi cha Uwanja Wetu

Malori yalimwaga kifusi tena kwa akina Margareta. Shamimu aliyaona akiwa anapepea jiko, moyo ukamchemka kuliko maharage yaliyokuwa mekoni.

"Barabara ile imeshachongwa, leo inachongwa tena!" alimwambia mumewe, Mwinjuma. "Sie huku tunaogelea."

"Wivu huo, mke wangu."

"Ndiyo, wivu. Nisione wivu, mie jiwe?"

Hapo Temeke, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, uwanja wao wa mpira, ambapo hata maulidi yalisomwa, ulikodishwa kwa kampuni ya mafuta ijenge matangi. Mkutanoni katibu kata, Bwana Gozbert, aliapa kwamba kodi ya uwanja itatengeneza njia zote mbili, ya kwa Margareta na ya kwa Shamimu. Watu wakanyoosha mikono. Baadaye Gozbert akajenga nyumba upande wa Margareta, na greda likawa linaijua njia ya huko tu.

Margareta ndiye aliyemuuma Shamimu zaidi. Alikuja kutoka Songea hajui hata kukuna nazi. Shamimu ndiye aliyemfundisha mapishi ya pwani. Sasa madereva wa maboza ya mafuta waliokuwa wakinunua chakula kwa Shamimu walikula kwa mwanafunzi wake, maana huko gari lilifika mlangoni. Kwa Shamimu dimbwi lilikuwa limemeza hata mawe ya kukanyagia.

Akaepua sufuria, akaenda ofisini kwa katibu kata.

"Bibie, kazi ina awamu," alisema Gozbert, macho kwenye kikombe cha chai. "Nyie ni awamu ya pili."

"Na kwako mmepiga ya kwanza na ya pili?"

"Maendeleo hayataki pupa. Nenda kapike."

Akaenda. Alijitwika sufuria ya maharage, jiko akalishika mkononi, akavuka dimbwi, maji yakimfika magotini. Jiko akalitua katikati ya barabara ya Margareta, juu ya kifusi kibichi.

Margareta alitoka mbio, kanga ikimdondoka.

"Dada Shamimu! Ndo unanionea wivu kiasi hiki?"

"Nakuonea. Sikatai. Nalala nao, naamka nao. Lakini kifusi hiki ni uwanja wetu, Margareta. Nimekuja kupikia kwangu."

Margareta alijifunga kanga upya. Akarudi kwenye masufuria yake, uso chini.

Boza la mafuta likafunga breki. Nyuma yake gari la Gozbert likapiga honi, likapiga tena. Dereva wa boza akazima injini, akashuka, akauliza kama maharage yameiva.

"Kaa hapo, baba," Shamimu akamwambia. "Bado kidogo."

"Wewe mwanamke, ondoa takataka zako barabarani!" Gozbert alifoka dirishani.

"Njia nyingine ipo, Bwana Katibu." Shamimu akaelekeza kwa mwiko. "Kata kulia hapo, pitia kwetu."

Gozbert aliitazama njia ile. Maji yalikuwa rangi ya chai, na bata wa watu waliogelea humo kwa raha zao. Alikaa ameshika usukani.

Halafu naye akazima injini.